Bakuli la Mwalimu Anaeli

Marahaba, wanangu. Najua ujumbe wenu ulianza na "Habari Mama Nai, tunaomba kumbukumbu zako za kazi," shikamoo ikasahaulika njiani, lakini naitikia hivyo hivyo, maana nikikaa kuisubiri nitazidi kuzeeka. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona na kujifunza nilipokuwa mtunza nyaraka wa Taasisi ya Mwalimu Anaeli, ili ninyi mnaoanza kazi msianzie sifuri. Nimekubali. Na lile bakuli lenu la bluu bado liko kwangu hapa Olasiti, kabatini, rafu ya juu kabisa wajukuu wasikofika. Msidhani nimelisahau. Nitalirudisha, ila mniache kwanza niseme.

Kwa wale ambao hamkumjua: Mwalimu Anaeli alifundisha shule ya msingi huko kwenye miteremko ya Meru, na jioni akaandika riwaya ambazo nchi nzima imezisoma. Alipofariki, familia na marafiki zake wakaanzisha taasisi ya kutunza alichoacha: miswada, barua, kanda za sauti, mashine yake ya kupiga chapa, na nyumba yenyewe aliyoandikia, ile yenye kahawa mbele na migomba nyuma. Wakanitafuta mimi nikatunze karatasi. Nyumbani kwetu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwarusha kwenda kulinda makaratasi ya Mmeru! Shangazi yangu aliniuliza kama Wameru wameishiwa watoto wa kuwafagilia nyumba. Nikamwambia wanao, ila wote wako shambani wanahesabu migomba yao. Mnisamehe, utani ndio uliotukuza.

Basi nianze na mikono. Watakuja wageni kutoka mjini watawaambia mvae glavu nyeupe kama mnazoona kwenye filamu. Ukivaa glavu za kitambaa vidole vinakuwa vizito, huisikii karatasi, na karatasi ya zamani usipoisikia utaichana. Nawa mikono kwa sabuni, kausha vizuri, usipake mafuta, fanya kazi. Kalamu ya wino iache mlangoni, tumia penseli. Pini za stepla zitoe taratibu moja moja, maana huko kwenye ukungu zinashika kutu na kutu inakula karatasi kama haina adabu. Karatasi iliyolowa usiianike juani hata siku moja. Itandaze kivulini, weka gazeti juu na chini, badilisha gazeti, subiri. Kazi hii sehemu kubwa ni kusubiri, na asiyeweza kusubiri akauze simu.

Na lamineti! Jamani, lamineti. Mkurugenzi wetu wa kwanza, mtu mwema kabisa, msomi, mpole, alichukua barua ambayo Mwalimu aliandikiwa na mama yake mzazi, akashuka nayo mpaka steshenari moja ya Daraja Mbili, akaipigisha lamineti. Akarudi anang'aa uso mzima. "Mama Nai, ona, sasa haitaharibika tena!" Nilikaa. Ile karatasi imefungiwa humo mpaka Yesu arudi, na moto wa ile mashine umeigandisha na plastiki, huwezi kuitoa bila kuiua. Mkurugenzi alipoelewa alitaka kulia, ikabidi nimchemshie chai. Barua bado ipo, droo ya chini. Kila kijana anayeanza kazi namwonyesha kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Wageni nao walikuwa wanatuchangamsha. Mzungu mmoja ametoka kupanda mlima, bado ana vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniuliza kama Mwalimu aliandika sana kuhusu simba. Nikamwambia hapana, aliandika kuhusu mashemeji, ni wakali zaidi. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui huko kwao wamesoma nini.

Sasa niwaambie kisa ambacho Glory anataka nikiandike, maana najua ndicho kilichomfanya anisumbue kwa simu wiki nzima. Glory mnamfahamu kama mkurugenzi wenu. Siku hizo alikuwa msichana wa skana, amemaliza chuo juzi, amesuka nywele ndefu, anasema "fresh" kwa kila jambo. Mimi nilianza kazi na faili na kamba, yeye akaja na mashine ya kupiga picha kila ukurasa na kuutupa kwenye kompyuta. Nilimnunia mwezi mzima. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa anaishika karatasi, kwa ncha za vidole na kwa heshima, nikaacha kununa.

Mwalimu Anaeli alikufa ghafla, akiwa ameandika riwaya yake ya mwisho. Hilo tulilijua kwa sababu kila mtu kijijini alilijua. Mezani kwake tulikuta ukurasa wa jina la kitabu na mpangilio wa sura. Sura zenyewe hazikuwepo, hata moja. Tulipekua kabati, dari, sanduku la nguo, tukapekua mpaka stoo ya kahawa. Hakuna.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mjane wake, Bibi Ruthi. Sababu yenyewe inachekesha na inauma hapo hapo. Zamani Mwalimu alikuwa akimsomea kila sura mara tu anapoimaliza. Riwaya moja, kabla haijachapwa, Bibi Ruthi aliwahadithia wanawake wenzake mwisho wake walipokuwa wanachambua kahawa. Kitabu kilipotoka, kijiji kizima hakuna aliyenunua, walishajua nani anaolewa na nani. Mwalimu akaapa: kuanzia leo mke wangu atasikia kitabu kikishakamilika, siyo kabla. Kwa hiyo kile cha mwisho Bibi Ruthi hakusikia hata neno. Kila mtu pale mlimani alikuwa amesikia kipande, isipokuwa yeye aliyempikia mwandishi.

Na muda ulikuwa unamkimbia. Macho yalikuwa yamefifia, kifua kilimbana kila msimu wa baridi ukungu ukishuka, na binti zake walitaka kumchukua akaishi nao Dar es Salaam kwenye joto. Yeye alijua akienda hatarudi. "Nisikie kitabu cha mume wangu kwanza," aliniambia, "halafu mnipeleke hata baharini mkanitupe." Nilikuwa nampenda yule bibi. Nasema wazi, nilimpenda kama mama yangu, ingawa ananiita "wewe Mwarusha" mpaka leo hii.

Kijiji kilijua sura ziko wapi, kwa sababu kijiji ndicho kilichokuwa nazo. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake wa kazi ambao hakufundishwa na mtu. Akimaliza sura, anaichapa, anaitia kwenye mfuko wa nailoni, siku hizo nailoni ilikuwa haijapigwa marufuku. Mfuko anaulaza ndani ya bakuli, chini kabisa, juu yake anajaza ndizi mbivu au mahindi ya kuchemsha, anapeleka nyumba mojawapo ya jirani. Wanakula, wanasoma, asiyejua kusoma anasomewa na mtoto wake. Halafu bakuli linarudi. Na mnajua kwetu sisi chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kinarudi na maharage, mayai, maziwa, na karatasi chini, na mdomoni mwa aliyelileta kuna maneno: yule baba mkwe umemfanya mkali mno, au yule kijana hawezi kutoka Ngaramtoni mpaka sokoni Tengeru kwa miguu akafika bado anatabasamu. Mwalimu anasikiliza, anacheka, anarudi mezani kurekebisha. Ndivyo alivyoandika vitabu vyake vyote.

Haya tuliyajua baadaye, wanangu. Wakati ule sisi wa ofisini tulichojua ni kwamba karatasi ziko kwa watu. Basi tukafanya nini? Tukaandika tangazo lenye muhuri. Likasomwa kanisani baada ya ibada: yeyote mwenye nyaraka za marehemu azirejeshe ofisini bila kuchelewa. Hazikuja. Tukapita nyumba kwa nyumba, mkurugenzi, yule yule wa lamineti, mbele, mimi na faili langu katikati, na nyuma yetu mtendaji wa kijiji, eti kwa ajili ya uzito. Mtendaji akikuingilia nyumbani, kinachokujia kichwani ni kesi. Wanawake walijifuta mikono kwenye kanga wakatuangalia usoni: "Nyaraka? Hapa hakuna nyaraka." Wanaume walikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajanywa maji. Tulizunguka mpaka viatu vikalia, tukarudi mikono mitupu. Pale langoni kwetu palikuwa na ubao mpya: USIGUSE KITU. USILE NDANI. Nyumba ambayo zamani hakuna aliyepita bila kupewa kikombe cha uji! Hata mbuzi wa jirani walikuwa wanausoma ule ubao na kugeuza.

Mkurugenzi, maskini, alikuwa amebanwa. Wachapaji wa kule Themi walikuwa wanasubiri, wafadhili wanauliza. Siku moja akaja barazani kwa Bibi Ruthi, akakohoa kidogo, akasema kuna mwandishi mahiri yuko tayari kukiandika kitabu upya kwa kufuata mpangilio wa sura uliobaki.

Bibi Ruthi aligeuza uso kutafuta sauti ilipo. "Baba, unasema mtu mwingine aje animalizie mume?"

"Siyo hivyo, Bibi, ni kitabu tu..."

"Mume wangu hamaliziwi na mtu."

Mkurugenzi aliaga akasahau kofia.

Baada ya hapo jambo lilitokea lenyewe, bila akili ya mtu, na ndiyo maana nalipenda. Jirani mmoja, Mama Eliya, alikuwa amejifungua. Bibi Ruthi hana habari na taasisi wala muhuri, yeye anajua mzazi anapelekewa chakula. Akachemsha mtori wa ndizi na nyama, akautia kwenye chombo, akamwita Glory aache skana ampelekee. Glory akaenda, akashika mtoto, akakaa huko mpaka nikaanza kukasirika.

Kesho yake Mama Eliya akamtuma dada yake kurudisha chombo. Chombo kilijaa maharage mekundu. Lakini dada hakuja na chombo kimoja, alikuja na viwili. Cha pili kilikuwa bakuli la bati la bluu lenye maua ya njano, lina mayai, na chini ya mayai kuna mfuko wa nailoni.

Bibi Ruthi alilipapasa lile bakuli ukingoni, pale rangi ilipobanduka. "Hili ni langu," akasema. "Mabakuli yangu haya yalipotea msibani. Nilinunua seti nzima Tengeru, msiba ukayamaliza yote. Niliwalaani sana wapishi."

Glory ameshafungua mfuko. Mimi naona karatasi, naona herufi za ile mashine, ile "e" iliyokuwa inaruka juu kidogo ya wenzake. Mwe! Nilipiga ukelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Yale mabakuli hayakupotea msibani. Mwalimu alikufa sura zikiwa nje, kila moja na bakuli lake. Tukaenda kwa Mama Eliya tukamuuliza kwa upole, bila mtendaji, kwa nini hakusema siku ile. Alikuwa ananyonyesha, akatujibu bila hasira: "Mama Nai, mwenye bakuli amekufa. Ningerudisha kwa nani? Na ningesemaje, sura yako ni nzuri, wakati yuko kaburini? Nikasubiri nyumba ile ituletee kitu, ndipo na mimi nirudishe. Ninyi mlileta tangazo na mtendaji." Nilimuuliza sura yenyewe aliionaje. Akatabasamu, akasema ilimkosesha usingizi.

Basi tukafunga faili, tukawasha moto. Mkurugenzi alitaka kuzimia aliposikia moshi, lakini jiko liko nje, mbali na karatasi, na hilo nililisimamia mimi mwenyewe. Ule ubao wa langoni Glory aliung'oa, tukautumia kukatia mboga. Bibi Ruthi alikaa kwenye kigoda akiamrisha: hizi ndizi bado, hayo mahindi yatoe, wewe Mwarusha huo ni wishwa au ndiyo loshoro yenu ya mahindi na maziwa mgando? Mabakuli yakatoka nyumba kwa nyumba. Na mabakuli ya bluu yakaanza kurudi. Yalirudi na parachichi, na viazi, moja lilirudi na jogoo amefungwa miguu amekalia sura nzima, amechafua kurasa tatu ambazo nilizisafisha kwa brashi laini na sala. Sura nyingine zilinuka moshi, nyingine zina alama za maziwa, moja imechorwa ng'ombe pembeni. Msizisafishe zaidi ya hapo, nawaomba. Mtu akija kuuliza kitabu hiki kilisomwaje, mwonyesheni yule ng'ombe.

Na kila aliyerudisha alikuja na maneno yake mdomoni, ameyatunza tangu msiba. Hapo ndipo Glory alipofanya la maana kuliko mimi. Akatoa simu yake, akawaambia mmoja mmoja, "Naomba nikurekodi." Yale maneno yote yamo kwenye mkusanyiko wenu, mnaweza kuyasikiliza. Kazi ya kutunza urithi wa mwandishi nilikuwa nadhani ni karatasi tu.

Zikarudi zote isipokuwa sura ya mwisho. Ukiyapanga mabakuli mezani, seti ilipungua moja.

Mama Eliya ndiye aliyekumbuka. Wiki ile ile Mwalimu aliyofariki, alimwona akipita ukingoni mwa mfereji amebeba bakuli, na juu ya ndizi kuna jani la isale. Isale, kwa ninyi mliozaliwa mjini, ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Wameru na Wachaga ukitaka kuomba msamaha unalipeleka, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Na upande ule wa mfereji kuna nyumba moja tu, ya Mzee Yeremia.

Yeremia na Mwalimu walikuwa hawasalimiani miaka mingi. Waligombania zamu ya maji. Kila mmoja alisema Alhamisi ni yake. Yeremia yuko juu, kwa hiyo alichofanya ni kuziba mchepuo wa kwa Mwalimu kwa mawe na udongo, mfereji wa nyuma ya nyumba ukakauka, kahawa ya upande ule ikadhoofu. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto, mchungaji akachoka kuwahubiria.

Tulipomwambia Bibi Ruthi, aliwaka. "Anaeli alikwenda kuomba msamaha? Bila kuniambia? Maji yalikuwa yetu! Mimi ndiye niliyekuwa nabeba ndoo kichwani, yeye anaandika!" Akasema kwa Yeremia haliendi bakuli lolote, hata la makapi. Akaingia ndani akafunga mlango.

Siku zikapita. Kifua kikambana vibaya, binti yake mmoja akaja kabisa na tiketi ya basi. Nilimpelekea uji chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mkono juu ya zile sura zilizopangwa vizuri ambazo alikuwa amekataa kusomewa mpaka zikamilike, maana ndivyo mumewe alivyotaka. Akaniuliza, "Nikimpelekea chakula, si nitakuwa nimekiri maji yalikuwa yake?"

Nikamwambia, "Bibi, mimi ni Mwarusha, mambo ya mifereji yenu siyajui. Ila utakuwa umepeleka ndizi."

Akanywa uji kidogo. Halafu akasema, "Isale limeshakwenda mara moja. La pili silitoi. Zitakwenda ndizi tu, na utazipeleka wewe usiye na upande."

Nikapeleka. Mzee Yeremia alifungua mlango, mrefu, mkavu, koti la mvua mwilini. Akalitazama bakuli muda mrefu. "Nimepokea," akasema. Akafunga mlango. Nilirudi kwa Bibi Ruthi sina la kumwambia zaidi ya hilo neno moja. Tukasubiri, na bakuli halikurudi. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Mkurugenzi nilimwona anaitafuta namba ya yule mwandishi mahiri. Begi la Bibi Ruthi lilishafungwa, limewekwa sebuleni karibu na mlango. Nilikata tamaa, wanangu. Nilikuwa napita pembeni ya lile begi nikiangalia ukutani.

Asubuhi ya safari nilikuwa barazani. Binti yake anatafuta shuka la kumfunika mama yake ndani ya basi. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Nikadhani mlinzi ameacha bomba wazi, nikainuka nikamfokee. Bomba lilikuwa limefungwa. Nikaenda mpaka nyuma kabisa kwenye migomba, na kwenye ule mfereji mkavu, uliojaa majani ya miaka yote, maji yalikuwa yanakuja. Machafu, yanasukuma majani na vijiti mbele yake, lakini yanakuja.

Nyuma ya maji alikuwa anakuja Mzee Yeremia. Jembe begani, buti zimejaa tope mpaka magotini. Mkono mwingine ameshika bakuli la bluu, anatembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Nilipochungulia ndani, lilikuwa na maji tu.

Akapanda barazani, akavua kofia. "Shemeji," akamwita Bibi Ruthi.

Bibi Ruthi alikuwa ameshasimama. Macho hayaoni, lakini masikio yake yalishasikia mfereji kabla yangu mimi. "Yeremia."

"Mwalimu aliniletea isale. Nilipokea. Nikasema kesho nitazibua maji, ndipo nirudishe bakuli. Kesho yake nikasikia kengele ya msiba." Akaegemeza jembe ukutani. "Shemeji, ningerudisha na nini tena? Nilikuwa natafuta cha kuweka. Mpaka leo nilikuwa natafuta cha kuweka."

Akampa bakuli mikononi. Bibi Ruthi akatumbukiza vidole. "Ya baridi," akasema.

"Ya mlimani. Alhamisi ni yenu."

"Keti, Yeremia. Hujanywa chai."

Sura ilikuwa kifuani mwake, ndani ya koti, kavu kabisa. Hakuwa ameisoma. Alisema hakujiona ana haki.

Basi la Dar es Salaam lilikwenda bila Bibi Ruthi. Tulitoa viti uani, mbele ya kahawa, na habari zikapita kijijini zenyewe, watu wakaja kila mtu na kigoda chake. Kila nyumba ilisoma sura iliyoitunza. Mama Eliya alisoma ya kwake mtoto yuko mgongoni, na alijua kurasa nzima kwa kichwa. Ilituchukua siku kadhaa. Jioni watu wanaondoka, asubuhi wanarudi, na hakuna aliyemnong'oneza Bibi Ruthi kinachofuata, wamelipa kisasi cha ule mwisho aliowamwagia kwenye kahawa! Yeye alikaa katikati, shuka begani, mdomo wazi kidogo, anacheka kabla ya wengine pale alipomtambua mtu fulani wa kijijini ndani ya hadithi. Sura ya mwisho Mzee Yeremia alimwomba Glory aisome badala yake. Mwishoni kuna harusi. Glory akafika neno la mwisho. Tukamgeukia bibi.

"Ni kizuri," akasema. "Kizuri sana. Ila kwenye ile harusi, mbona watu hawakula?"

Tulicheka, jamani! Yeremia alicheka mpaka akashika nguzo. Bibi Ruthi naye akacheka, halafu akasema, "Ningemwambia. Ningemrudishia bakuli lake nikamwambia," na hapo akalia. Tukalia naye, sioni haya kusema. Alikuwa amemsikia mume wake mpaka mwisho, na nyuma ya migomba maji yalikuwa yanapita.

Kitabu kilichapwa Themi. Harusi ile tuliiacha kama Mwalimu alivyoiandika, lakini mwishoni mwa kitabu mtakuta maneno ya majirani, na la mwisho kabisa ni hilo la Bibi Ruthi. Nakala za kwanza hazikwenda dukani. Zilikwenda kwenye mabakuli. Na Bibi mwenyewe hajahama, kifua kinambana na kumwachia, kila Alhamisi anatoka kusikiliza mfereji. Nasikia sasa anawasumbua ninyi mumsomee kitabu upya kila mvua zikianza. Msomeeni.

Siku mliyoniaga mlinipa zawadi nyingi, kitenge, saa ya ukutani, hotuba ndefu ya mkurugenzi. Na Bibi Ruthi akanipa bakuli moja la ile seti, limejaa ndizi. Alicheka tu. Ndizi ziliisha siku ile ile. Bakuli likabaki kabatini, na kila nikilifikia kulirudisha, namkumbuka Mzee Yeremia. Niweke nini? Maharage ya Olasiti kwa watu wa mlimani? Mtanicheka.

Nimepata. Glory, kesho mjukuu wangu atakuja hapo na bakuli. Juu kuna maharage, cheka upendavyo. Chini kuna karatasi hizi. Zisome na wenzako, kisha unirudishie, na uniambie palipokosewa.